Undugu wa Miezi Minne

Vidole vyake vilikuwa vya zambarau. Kama ulitaka kumjua Bwana Maabara katikati ya watu mia pale Ujiji, hukuwa na haja ya kumtazama usoni. Kidole gumba, cha shahada na cha kati, mkono wa kulia, vyote zambarau mpaka kwenye kucha, kama vya mtoto aliyetoka kuiba matunda ya watu. Ilikuwa ile dawa ya kupaka vioo vya damu ili vidudu vya malaria vionekane kwenye darubini. Haikutoka kwa sabuni wala kwa majivu wala kwa ndimu. Akialikwa harusini alivaa suti yake ya kijivu, akapiga viatu rangi, na vidole vile vile.

Nilifanya naye kazi miaka ishirini na miwili katika kituo cha afya, yeye mpimaji wa damu, mimi mfagiaji na mwoshaji wa vioo vyake. Shule niliishia darasa la pili. Siku za mwanzo nilimwuliza kwao wapi, baba yake nani, mama yake bado yupo? Akanijibu, "Mama Zuhura, kule pembeni hujafagia." Sikuuliza tena. Alishuka kwenye treni na barua ya serikali na sanduku la bati, na wenzake waliokuja na barua kama ile walikaa, wakachoka, wakaomba uhamisho. Yeye akabaki. Mke hakuoa. Ndugu hatukumwona hata mmoja.

Kuna neno nililomtupia mbele za watu, neno baya, na nikakaa nalo karibu miaka thelathini bila kumwomba radhi. Nilikuwa nikisema nitamwambia kesho, nitamwambia Idi ikipita. Mwaka huu nikaambiwa Bwana Maabara amelazwa na hali yake si nzuri. Hapo nikajua kesho zangu zimekwisha.

Lakini kwanza mjueni.

Mawese alikuwa hali. Mtu anaishi Kigoma, mawese hali! Alisema yananuka. Mimi nyumbani kwetu ni Simbo, mawese ndiyo yaliyonilea, na hata baada ya kuolewa Ujiji niliendelea kuyaleta na kuyauza sokoni Mwanga siku za mapumziko. Basi asubuhi moja naosha vioo, nikaona bomba la damu ameliacha limesimama kwenye kishikio chake tangu jana. Juu kuna maji ya rangi ya manjano hafifu, chini kumekuwa kwekundu mno, na katikati kautando keupe, kembamba kama ukucha.

"Bwana Maabara," nikamwambia, "damu hii imejitenga kama mawese yakitulia, mepesi juu, mazito chini."

Akainua kichwa kutoka kwenye darubini. "Nani amekufundisha hayo?"

"Mawese."

Siku hiyo ndiyo mara ya kwanza kumwona akicheka. Akalishika lile bomba, akalipeleka dirishani, akanionyesha. Ya juu ni maji ya damu. Ndiyo yanayobeba chakula, chumvi, dawa uliyomeza, hata joto la mwili. "Hilo ndilo ziwa lenu," akasema. "Vyote vinavyosafiri vinasafiri juu yake." Kale kautando ni askari na mafundi. Huko chini ni wachukuzi, maelfu kwa maelfu. Kuanzia hapo, kila siku ya kliniki ya wajawazito alinitaka nilete chupa nyeupe ya mawese yaliyotulia, akaiweka mezani kando ya bomba la damu, akawafundisha kina mama. Somo likiisha ananirudishia chupa ameishika kwa karatasi, asije akanuka.

Mwenyewe alikuwa na maneno yake kwa kila kitu. Mama akija anahema, midomo imepauka, macho ukiyafunua ndani meupe, alimwuliza, "Unapopanda kilima cha Mwanga unapumzika mara ngapi?" Mama anasema mara tatu, mara nne. "Basi wachukuzi wako wamepungua. Hewa unaivuta vizuri, mzigo umefika bandarini, wa kuubeba hakuna." Halafu anamwagiza dagaa, maharage, matembele, na anamnyang'anya udongo wa kula aliouficha kwenye pindo la kanga. Wajawazito walimwogopa kwa ajili ya ule udongo. Yeye mwenyewe chai alitia sukari vijiko vinne, ukimsema anakujibu, "Mimi sina mimba."

Mwaka mmoja nilitokwa na jipu begani, nikawa nalikamua huku nimekunja uso. Akaniona. "Unawaonea kinyaa? Huo usaha ni maiti za mgambo wako. Chembe nyeupe hizo. Adui aliingia, wakamkabili, wakafa mlangoni, nawe unawakunjia uso." Wallahi tangu siku ile sijaweza kuona usaha bila kuwasemea maneno mazuri kidogo.

Na alikuwepo fundi Saidi wa Kibirizi, mziba mitumbwi, aliyejikata mguu kwa tezo. Kila baada ya muda anafungua kitambaa kutazama kama damu imekata, na kila akifungua inaanza upya. Bwana Maabara akamkalia mbele. "Fundi, mtumbwi unauziba kwa nini?"

"Kwa pamba, bwana. Unaishindilia katika nafasi za mbao."

"Na ukishaiziba, mwenye mtumbwi akija kuichokonoa kila saa aone kama imekaa, utamfanyaje?"

"Nitampiga na nyundo."

"Ndani ya damu yako wamo mafundi wadogo. Penye tundu wanakimbilia, wanajishindilia, kisha maji ya damu yanafuma nyuzi juu yao kama wavu. Wewe ndiye unayechokonoa. Nikupige na nini?"

Saidi alicheka mpaka akakaa. Kitambaa hakukigusa tena.

Mtu huyo ndiye aliyekuwa haogopi damu ya mtu yeyote, isipokuwa yake. Mkimtoboa kidole, mtu mzima yule anageuzia uso ukutani na kufumba macho. Kuku akichinjwa uani alifunga dirisha. Ziwani hakuingia hata mara moja, miaka yote, alisema maji yale ni marefu mno kwenda chini. Akizungumza na damu alikuwa mpole, "njoo mama, njoo hapa," anaivuta kwenye kioo polepole. Akizungumza na watu alikuwa mkali. "Damu haijanidanganya hata siku moja," ndivyo alivyosema. "Watu ndio."

Lugha yetu nayo ilimshinda. Sisi Waha asubuhi tunaamkiana "Mwakeye." Siku moja Mzee Ntakije wa Simbo, mtu wa mvi tupu, alimwamkia hivyo, na Bwana Maabara akaitika kwa heshima zote, "Marahaba!" Mzee akanigeukia. "Huyu mtoto nimemwamkia au nimempa shikamoo?"

Mzee Ntakije huyo huyo ndiye wa mbuzi. Mkewe alilazwa, akaambiwa, "Mzee, damu inahitajika, kesho ulete." Kesho yake akaja na dumu dogo limefungwa kwa jani la mgomba. Ndani damu ya mbuzi. Alichinja beberu wake wa pekee. Manesi wakatoka nje kucheka. Bwana Maabara hakucheka. Alilipokea lile dumu kwa mikono miwili, akaliweka mezani, akamshukuru. Kisha akasema, "Mzee, mbuzi amesaidia alivyoweza. Sasa tuone na wewe." Akamtoboa kidole, akadondosha damu kwenye kioo, akaichanganya na ya mkewe. Zikakubaliana. Mama yule alipona, na nyama ya beberu tuliila wote pamoja na wale waliocheka.

Enzi hizo kituo chetu hakikuwa na jokofu la damu. Damu ilikuwa inatembea mitaani ndani ya watu wenyewe, na ilibidi ujue umfuate nani. Yeye aliandika kwenye daftari, lakini daftari halijui kwamba mtu wetu Sikujua wa Rusimbi amehamia nyuma ya msikiti, wala kwamba Yohana muuza vitenge Alhamisi yuko mnadani. Hayo nilikuwa nayo mimi. Jina la mtu nikilisikia mara moja halitoki. Alikuwa anatoka mlangoni na kuita, "Mama Zuhura! O, wa karibu!" Nami ninataja, huku nafagia: Sikujua, Maulidi wa kinu, Eliasi wa Gungu, na wewe mwenyewe. Maana yeye naye alikuwa wa kundi O. Alinieleza kwamba mtu wa O ni kama mama mpishi, anawapakulia wote, lakini yeye akishikwa na njaa hali ila cha wenziwe wa O.

Sasa nifike kwenye neno langu.

Binti yangu Zuhura alikuwa ameposwa na Bakari, fundi cherehani wa Mwanga, kijana wa heshima. Posa tumepokea, mahari imeletwa. Zuhura akashikwa na malaria kali. Vile vidudu vinaingia ndani ya wachukuzi na kuwapasua, na kwa siku tatu mwanangu alikuwa mweupe kama pamba, hata kusema hawezi. Ni O. Niliyataja majina yangu yote, na siku hiyo, kwa jinsi Mungu alivyotaka, hakupatikana hata mmoja, na Bwana Maabara mwenyewe alikuwa ametoka kuugua. Nikatoka uani kuswali. Niliporudi damu ilikuwa inaingia, na Bakari amekaa kwenye benchi ameshika pamba mkononi.

Zuhura alifumbua macho jioni ile. Nililia kwa furaha. Furaha yenyewe ilidumu mpaka wifi yangu Bi Mwamvita alipofika.

"Nani amemtolea damu?"

"Bakari."

Akakaa chini. "Umekwisha, wifi. Mnajua maana ya kuchanjiana? Watu wanachanja, wanalambana damu kidogo tu, tone, na hao ni ndugu mpaka kaburini. Watoto wao hawaoani. Hawa wametiana chupa nzima! Utamwozaje dada kwa kaka yake?"

Mnaweza kucheka leo. Kwetu undugu wa kuchanjiana ulikuwa mzito kuliko wa tumbo moja, babu yangu alimzika ndugu yake wa chale kabla ya kumzika kaka yake. Nilikwenda kwa Bwana Maabara. Nikamwambia amewaharibu wanangu. Akasema, "Nilichukua iliyolingana. Ulitaka nimwache afe akiwa mchumba?" Akarudi kwenye darubini yake. Kuinama vile, kunionyesha kisogo, kukanitia wazimu.

Nikaacha ufagio. Nikaenda sokoni Mwanga, mbele ya wauza dagaa na wauza mawese wote, nikapaza sauti kwamba yule mtu ni mumiani, mnyonya damu za watu, hana kwao, hana ndugu, anakusanya watoto wetu. Mimi ndiye nimeosha vioo vyake, nani angenibishia? Na waliniamini. Wiki ile Sikujua akikuona na vazi la kituo anapita njia nyingine. Maulidi alifunga mlango. Kisha akaletwa mama mmoja wa Rusimbi, Eliza, amejifungua na damu haikati, na hakuja mtu wa kumtolea. Nesi Skolastika ndiye aliyenisimulia. Bwana Maabara, hata miguu haijapata nguvu vizuri, alivua koti, akalala kitandani, akageuzia uso ukutani, akasema, "Chukueni kabla sijabadili nia." Walipomaliza alitapika. Eliza akapona.

Nilirudi kazini siku ya pili yake. Nilikuta vioo vichafu vimeningojea, hakuna aliyeviosha. Hakuniuliza nilikuwa wapi. Nami radhi sikuomba, nikaanza kuviosha.

Yeye ndiye aliyeanza, tena kwa kunikaripia. "Huyo wifi yako amesema kweli kiasi. Damu ya Bakari imo ndani ya Zuhura. Lakini chembe nyekundu ni kama sisi, zinazaliwa, zinafanya kazi, zinakufa. Zilizoingia nyingine zilikuwa changa, nyingine zimeshazeeka. Iliyo changa kuliko zote itafika siku mia na ishirini, miezi minne. Wengu lililo tumboni linazika zilizochoka, uboho ulio ndani ya mifupa unazaa mpya. Za Zuhura mwenyewe. Baada ya hapo ukimtafuta Bakari ndani ya binti yako humpati." Akanipa kopo tupu la dawa. "Tia kokwa ya mchikichi kila siku. Zikitimia mia na ishirini, undugu umekwisha. Waoze."

Bi Mwamvita alilipima jambo lile siku mbili, akasema, "Kama zinakufa, basi zimekufa." Nikahesabu. Kila asubuhi kokwa moja, tik. Bakari alikuwa anapita na baiskeli akiuliza kwa mbali, "Mama, kopo limefika wapi?" Siku ya mia na ishirini na moja tulifunga ndoa, na Bwana Maabara alikuja na suti ya kijivu na vidole vyake. Watoto wanne wamezaliwa pale, wote O. Wa kwanza ni Asha.

Sasa mwaka huu.

Nilimkuta amelala wodini, mwembamba, vidole vimekuwa vyeupe kama vya mtu mwingine. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote. Kidonda cha tumbo kilikuwa kinavuja ndani. Nesi, mtoto mdogo wa kuletwa kutoka mkoa mwingine, akaniuliza, "Bibi, shikamoo. Wewe ni ndugu wa mgonjwa? Damu ya O kwenye jokofu imekwisha tangu asubuhi, tunasubiri nyingine. Tunataka ndugu zake wachangie."

"Hana ndugu hapa."

"Sasa nani atamtolea?"

Nikakaa kwenye kiti. Nikaanza kutaja moyoni kama zamani. Sikujua, marehemu. Maulidi, marehemu. Eliasi alihamia Uvinza. Saidi alikuwa B. Majina yote ninayo, watu ndio wameondoka. Nikatoa simu, nikamwambia mjukuu wangu, "Asha, acha unachofanya."

Wakati Asha yuko kwenye chumba cha pili, nikamsogelea. "Bwana Maabara. Lile neno la sokoni."

"Lipi?"

"Unalijua. La mumiani. Ulimtolea Eliza kwa sababu yangu. Naomba radhi."

Alikuwa amefumba macho. Kisha akafumbua jicho moja. "Mama Zuhura, nilikufundisha chembe nyekundu inaishi siku ngapi?"

"Mia na ishirini."

"Na wewe neno umelifuga miaka thelathini? Kwangu lilikufa zamani. Likazikwa na wengu."

Nesi akaja na sindano ya kuunganisha mfuko. Bwana Maabara akageuzia uso ukutani, amefumba macho. Nikamshika mkono ule uliokuwa wa zambarau. Damu ya mjukuu wangu ilianza kushuka kwenye mpira, tone kwa tone, naye bado ukutani akauliza, "Ya nani?"

"Ya Asha wa Zuhura."

"Basi nimekwisha," akasema. "Nimekuwa mtu wa mawese. Nenda kahesabu."

Nilicheka, lakini nilipofika nyumbani nilitafuta kopo. Lile la zamani lilishaliwa na kutu, nikachukua la maziwa. Kokwa moja, tik. Alitoka hospitali, akarudi kwenye chumba chake, Asha akawa anampelekea uji na chai yenye vijiko vinne. Mara mbili nilikwenda kukaa naye barazani, tukazozana kuhusu dagaa. Kisha asubuhi moja Asha alirudi na uji haujaguswa.

Tulimzika mchana, watu wengi kuliko nilivyotegemea. Eliza alikuwepo, na wajukuu zake. Mchungaji alisoma maneno yake, kisha akafunga kitabu, akasema, "Ndugu wa marehemu wasogee, waweke udongo kwanza."

Watu wakatazamana. Hakusogea mtu. Jeneza liko chini, mchungaji anangoja, nami nimesimama nyuma na ushungi wangu kati ya wanawake wa kanisa. Kabla ya kutoka nyumbani nilikuwa nimemimina kopo mkekani, nikahesabu mara mbili. Zilikuwa kokwa themanini na saba.

Nikamshika Asha mkono, tukapita katikati ya watu.

"Nyinyi ni ndugu zake, Bibi?" mchungaji akauliza taratibu. "Kwa upande gani?"

"Kwa huyu mtoto," nikamwambia, nikiinama kuchukua udongo. "Na bado tuna siku thelathini na tatu."